Valvu ya Moyo Inapochoka: Je, Kukataa Upasuaji ni Kujiua?



Moyo wa mtu mzima hupiga karibu mara 100,000 kwa siku. Katika kila pigo, milango midogo iliyo ndani yake hufunguka na kujifunga ili damu iende mbele, isirudi ilikotoka. Milango hiyo, minne kwa idadi, huitwa valvu. Sisi tunaosoma falsafa tumezoea kulisikia neno moyo likitajwa kwa maana ya upendo, utashi au dhamiri. Mwaka huu imetubidi tujifunze moyo kama ulivyo, nyama yenye milango, kwa sababu ya swali tuliloulizwa na mama mmoja katika wodi tunayoitembelea kila Jumamosi kwa utume: "Frateri, nikikataa kupasuliwa mara ya pili, nitakuwa nimejiua?"

Tunaandika kwa neno "sisi" kwa kuwa swali lile hatukulibeba mmoja mmoja. Tulikwenda wodini wawili, tukarudi nalo darasani, na kwa majuma kadhaa likawa ndilo somo letu la maadili, hata mezani wakati wa chakula. Wengi wetu tuna umri wa miaka 25 hivi, na hakuna kati yetu aliyewahi kulazwa zaidi ya siku mbili kwa malaria. Basi tulijifunza kwanza, ndipo tukathubutu kusema.

Safari ya mama huyu

Alipokuwa mtoto aliugua mafindofindo mara kwa mara. Nyumbani walimpa maji ya chumvi asukutue, na koo likapoa. Baadaye zikaja homa na maumivu ya magoti na viwiko, yakihama kutoka kiungo hiki hadi kile. Hiyo ndiyo homa ya rumatiki. Chanzo chake ni bakteria wa koo waitwao streptokoki: kinga ya mwili inapopigana nao hupotea njia, ikashambulia pia maungo na valvu za moyo. Valvu inayoumia zaidi ni ile iliyo kati ya vyumba viwili vya upande wa kushoto, iitwayo mitrali. Jina hilo linatokana na mitra, kofia ya askofu, kwa sababu valvu hiyo ina vipande viwili vinavyokutana kama pande mbili za kofia ile.

Mwaka 2014, akiwa na umri wa miaka 21 na ndoa changa, valvu yake ilikuwa imeharibika kiasi cha kutotengenezeka. Alipelekwa India kwa rufaa ya Serikali, kama walivyopelekwa wagonjwa wengi wa moyo kabla Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete haijaanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015. Huko aliambiwa achague. Valvu ya chuma, kama wagonjwa wanavyoiita ingawa siku hizi hutengenezwa kwa kaboni ngumu, inaweza kudumu maisha yote, lakini humlazimu mgonjwa ameze kila siku dawa ya kuzuia damu kuganda, wafarini, bila kuacha. Dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, hasa katika miezi mitatu ya kwanza. Valvu ya mnyama hutokana na valvu ya nguruwe, au hushonwa kwa utando unaofunika moyo wa ng'ombe. Mara nyingi hii haidai wafarini ya maisha, ila huchoka.

Yeye alitaka watoto. Alichagua ya ng'ombe akijua kwamba iko siku itachoka. Leo ana watoto wawili, wa kike mwenye miaka 8 na wa kiume mwenye miaka 5. Mtu asije akasema kwamba alichagua vibaya. Watoto hao ni jibu la uchaguzi ule.

Kiungo hai kwa jina

Vitabu vya tiba huiita valvu ya mnyama valvu ya kibiolojia. Mtu akisikia hivyo anaweza kudhani ni kiungo hai kilichohamishwa, kama figo ya ndugu. Sivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 daktari wa upasuaji Mfaransa, Alain Carpentier, alionyesha kwamba tishu ya mnyama ikilowekwa katika kemikali iitwayo glutaraldehaidi huimarika, na mwili wa mgonjwa hauipigi vita vikali. Lakini kemikali hiyo huua seli zote. Kinachobaki kinafanana na ngozi aliyoitia dawa fundi ili isioze.

Aristotle alifundisha kwamba mkono wa maiti ni mkono kwa jina tu, maana hauwezi tena kufanya kazi ya mkono. Valvu hii inatupa fumbo jipya: imekufa, lakini inafanya kazi ya kiungo hai. Hata hivyo ni Aristotle huyo huyo anayetusaidia kuelewa kwa nini inachoka. Kitu cha asili kina ndani yake chanzo cha mwendo na ukuaji wake, na kitu kilichoundwa kwa mikono hakina. Valvu tuliyozaliwa nayo ina seli hai zinazoikarabati usiku na mchana. Ile iliyosindikwa haina wa kuikarabati. Polepole kalsiamu hujikusanya ndani yake, ikakakamaa kama ngozi iliyosahaulika juani, au ikachanika. Kwa wazee inaweza kudumu miaka 10 hadi 15, na kwa wengine zaidi. Kwa vijana huharibika mapema, na mahali pa mitrali mapema kuliko mahali pa valvu ya aota.

Kuhusu nguruwe, ambaye ndugu zetu Waislamu wodini huulizia, inafaa kujua kwamba mgonjwa anaweza kumwomba daktari valvu ya ng'ombe. Kwa upande wa Kanisa, Taasisi ya Kipapa ya Maisha ilitoa mwaka 2001 hati juu ya kuhamisha viungo vya wanyama kwenda kwa binadamu, na haikukataa jambo hilo lenyewe. Ilidai kwamba utambulisho wa mtu usiguswe, na kwamba mgonjwa aelezwe hatari zote. Mlango uliotengenezwa kwa utando wa ng'ombe haubadilishi nafsi ya mtu.

Ya mama yetu ilianza kuchoka katika mwaka wa kumi. Ndoo ya maji aliyokuwa akiibeba bila kufikiri ikawa inamfanya asimame njiani mara tatu. Usiku alilala ameegemea mito, na miguu ikavimba. Zahanati moja ilimtibu pumu kwa miezi minne. Alipofanyiwa kipimo cha eko, kinachoonyesha moyo kwa mawimbi ya sauti, jibu lilipatikana kwa nusu saa.

Kwanza, kwa nini imeharibika?

Daktari alitueleza, kwa ruhusa ya mama mwenyewe, kwamba kabla ya kuuliza "tufanye nini" lazima kuuliza "imeharibika kwa sababu gani". Sababu ni nne, na kila moja ina tiba yake.

Huenda bonge la damu limeganda juu ya valvu. Hapo dawa ya kuzuia damu kuganda inaweza kuifungua tena, na upasuaji usihitajike. Huenda vijidudu vimeivamia, mara nyingi kutoka kwenye meno au jeraha. Hapo mgonjwa huchomwa dawa kali za kuua bakteria kwa majuma kadhaa, na wengi huishia kupasuliwa. Huenda nyuzi za pembeni zimelegea na damu inavuja kando ya pete ya valvu. Hapo kuna wakati tundu huzibwa kwa kifaa kinachopitishwa ndani ya mshipa, na kuna wakati kifua hufunguliwa. Au huenda valvu yenyewe imezeeka. Ikiwa ni uzee, hakuna dawa inayoilainisha tena. Ya mama huyu ilikuwa imezeeka.

Njia tatu

Njia ya kwanza ni dawa peke yake. Dawa za kupunguza maji mwilini hutoa uvimbe na kurahisisha pumzi, na nyingine hutuliza mapigo. Hazifungui mlango uliokakamaa, ila humpa mgonjwa nafuu. Kwa mgonjwa aliyedhoofika sana, au mwenye maradhi mengine yanayommaliza, hii inaweza kuwa njia ya haki, pamoja na uangalizi mwema hadi mwisho.

Njia ya pili ni kufungua kifua tena, kuiondoa valvu ya zamani na kuweka mpya. Upasuaji wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza, kwa kuwa makovu huufanya moyo ushikamane na mfupa wa kifua, na daktari huanza kwa kuachanisha kidogo kidogo. Damu nyingi huhitajika akibani. Lakini faida yake ni kwamba takataka ya zamani huondoka yote, na mgonjwa hupata nafasi ya kuchagua upya aina ya valvu.

Njia ya tatu huitwa valvu ndani ya valvu. Tarehe 16 Aprili 2002, katika mji wa Rouen nchini Ufaransa, Alain Cribier alimwekea mgonjwa valvu ya aota kwa kuipitisha ndani ya mshipa wa damu, bila kufungua kifua. Huko ndiko ulikotoka upasuaji wa tundu dogo wa valvu tunaousikia leo. Baadaye madaktari waligundua kwamba valvu mpya iliyokunjwa inaweza kufunguliwa katikati ya ile iliyochoka, pete ya zamani ikawa ndiyo kiti chake. Kwa mitrali, mrija huingia kwenye mshipa wa kinena, ukapanda hadi moyoni na kutoboa ukuta mwembamba ulio kati ya vyumba vya juu. Mgonjwa anaweza kurudi nyumbani baada ya siku chache.

Tulipoisikia njia hii sote tulisema, "Basi hii ndiyo!" Daktari akatutolea mfano wa sufuria zinazoingiana: kila unapoingiza nyingine, nafasi ya ndani inapungua. Valvu mpya hukaa ndani ya ile ya zamani, kwa hiyo tundu la damu huwa dogo zaidi. Tena vipande vya zamani husukumwa pembeni na vinaweza kuziba njia ya damu kutoka moyoni. Na valvu hiyo mpya nayo ni ya mnyama, nayo itachoka. Kwa mzee wa miaka 78 ambaye upasuaji mkubwa unaweza kumuua, hiyo ni neema. Kwa mama wa miaka 32 ambaye figo na misuli ya moyo bado ni nzima, ni kuahirisha tatizo, na safari ijayo litakuwa gumu zaidi. Pia bei ya valvu hiyo ni kubwa mno kwa familia ya wakulima, na si kila hospitali inayopasua moyo huifanya.

Ushauri wa madaktari ukawa: kufungua kifua, na safari hii valvu ya chuma.

Swali la wafarini

Hapo ndipo jambo lilipokuwa zito. Valvu ya chuma bila wafarini hushika bonge la damu, na bonge hilo linaweza kuifunga au kukimbilia kichwani likaleta kiharusi. Wafarini ikizidi, mgonjwa hutokwa damu. Kwa hiyo damu lazima ipimwe mara kwa mara kipimo kiitwacho INR. Kwa mtu asiyemeza wafarini jibu huwa karibu na 1. Kwa mwenye valvu ya chuma ya mitrali hutakiwa liwe karibu na 3, kati ya 2.5 na 3.5. Dawa mpya za kuzuia damu kuganda, ambazo hazidai kipimo hicho, hazifai kwa valvu ya chuma. Mboga za majani kama mchicha, matembele na kisamvu hupunguza nguvu ya wafarini. Si kwamba mgonjwa aziache, bali ale kwa kiasi kilekile kila juma. Dawa za maumivu za dukani na mitishamba, asitumie bila kumuuliza daktari.

Kijijini kwake mahali pa kupima palikuwa mjini, saa tatu kwa basi. Watoto wanaotosha amepata, na paroko amewaelekeza yeye na mumewe kwa wanaofundisha njia ya asili ya kupanga uzazi, kwa sababu ya hatari ya mimba nyingine akiwa kwenye dawa hiyo. Lakini nauli ya kila mwezi ingetoka wapi? Na upasuaji wenyewe je?

Je, ni kujiua?

Darasani tuligawanyika. Wengine walisema uhai ni zawadi ya Mungu, hivyo kukataa tiba inayopatikana ni kuitupa zawadi. Wengine walisema hakuna anayelazimika kubeba mzigo unaomponda.

Kanisa limelitafakari jambo hili kwa muda mrefu. Tangu karne ya 16 wanateolojia wa Hispania, hasa Wadominikani, walitofautisha njia za kawaida za kulinda uhai na zisizo za kawaida. Siku zile kukatwa mguu kulifanyika bila dawa ya usingizi, nao walifundisha kwamba mtu halazimiki kuvumilia mateso ya namna hiyo. Tarehe 24 Novemba 1957, Papa Pius XII akizungumza na madaktari wa usingizi alirudia kwamba kwa kawaida tunawajibika kutumia njia za kawaida tu, kadiri ya hali ya mtu, mahali na nyakati. Tamko la Mei 1980 juu ya eutanasia liliongeza kwamba mgonjwa anaweza kukataa tiba yenye mzigo usiolingana na faida yake, hata kwa sababu ya kutotaka kuibebesha familia gharama kupita kiasi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2278, inasema mtu wa namna hiyo hataki kuleta kifo. Anakubali kwamba hawezi kukizuia.

Kwa hiyo jibu la swali la mama lilikuwa wazi: hapana, si kujiua. Anayejiua hukusudia kifo. Anayepima mzigo na kuuona umemzidi hakusudii kifo.

Lakini padre anayetufundisha maadili alituzuia tusikimbie wodini na jibu hilo. "Kwanza mwulizeni anachoogopa," alisema. Tulikwenda, tukamwuliza. Hakuogopa kisu, maana alikwisha kukijua. Aliogopa kufia mjini na mwili wake kukosa gari la kuurudisha. Aliogopa kwamba ng'ombe wawili waliobaki watauzwa, na watoto wakose ada. "Mimi nitakuwa nimelala tu," alituambia. "Watakaobaki ndio watakaolipa."

Tulitoka kimya. Ndipo tulipoelewa jambo ambalo vitabu vinalidokeza kwa maneno machache, yaani mahali na nyakati. Ikiwa umaskini wa familia unaweza kuifanya tiba iwe mzigo usio wa kawaida, basi watu wakiuinua mzigo huo, tiba ileile inarudi kuwa ya kawaida. Kipimo hakiko ndani ya mashine wala ndani ya dhamiri ya mgonjwa peke yake. Sehemu yake iko mikononi mwa majirani. Mtu anaweza kuwa huru kukataa tiba, na bado sisi tukawa na hatia ya kumwachia uhuru wa namna hiyo.

Jumuiya ndogo ndogo ya kwao ilichanga nauli, na mume akaahidiwa kwamba lolote likitokea hatakuwa peke yake. Ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ilisaidia sehemu ya gharama. Kumi na moja kati yetu tulitoa damu. Na masista wa hospitali ya wilaya walikuwa na mashine ndogo ya kupima INR kwa tone la damu ya kidole, mwendo wa dakika 40 kwa bodaboda kutoka kijijini. Hakuna aliyemshinikiza. Baada ya siku nne aliweka sahihi mwenyewe.

Alipasuliwa wakati wa Kwaresima. Alikaa chumba cha wagonjwa mahututi siku tano, mbili zaidi ya ilivyotarajiwa, kwa sababu ya kutokwa damu. Kipimo chake cha kwanza nyumbani kilikuwa 1.8, dawa ikaongezwa. Kilichofuata kilikuwa 2.9. Valvu ya chuma ina sauti, na mwanawe mdogo hulaza sikio kifuani pake akisema mama ameficha saa.

Tunayoomba kwa wasomaji

Mtoto akiumwa koo pamoja na homa, apelekwe kituo cha afya. Dawa ya streptokoki ni penisilini, nayo ni ya bei nafuu. Aliyewahi kupata homa ya rumatiki asiache sindano zake za kila majuma matatu au manne. Mwenye valvu ya kupandikizwa, ya aina yoyote, atunze meno, amwambie daktari wa meno habari ya valvu kabla ya kung'olewa jino, na apimwe eko kila mwaka hata akijisikia mzima. Pumzi ikianza kukata, asikubali kutibiwa pumu kabla hajasema kwamba ana valvu.

Na kwa viongozi wa jumuiya: katika kikao kijacho, kabla ya michango ya harusi, ulizeni ni nani mtaani kwenu mwenye kadi ya kliniki ya moyo, kliniki yake ni tarehe ngapi, na kama ana nauli.